Singeli na Ngoma Iliyokuwa Motoni

ALIYEPATA kuhudhuria sherehe ya vijana kutoka jandoni katika vijiji vya Mtwara, tuseme huko Mpapura, ataikumbuka kazi inayoitangulia ngoma yenyewe. Majani makavu huwashwa, na vinganga huelekezwa motoni mpaka ngozi zikaze. Mpigaji hujaribu sauti kwa vijiti viwili vyembamba, hutikisa kichwa, huirudisha ngoma motoni. Hakuna anayemharakisha.

Siku hizi, hasa fedha za korosho zikishaingia, sherehe kama hiyo huweza kuletewa spika mbili na kompyuta moja, na kinachopigwa ni singeli. Wazee wengi huulalamikia muziki huo kuwa ni makelele ya mjini. Ningemwomba msomaji ausikilize kabla hajauhukumu, maana asili yake haiko mbali sana na ngoma ile iliyokuwa motoni.

Singeli ilizaliwa Dar es Salaam, katika mitaa kama Manzese, Tandale na Mburahati. Mzazi wake ni mchiriku, nao mchiriku ulichipuka katika ngoma za Wazaramo. Kampuni ya Casio ya Japani ilipoanza kuuza vinanda vyake vya Casiotone mwaka 1980, bila shaka haikuwa ikizifikiria harusi za uswahilini. Hata hivyo vinanda vidogo vya namna hiyo vilifika huko, vikaunganishwa na vipaza sauti vikuukuu, na sauti ikatoka imekwaruzika. Vijana wakaupenda mkwaruzo ule, wakaupigia ngoma, wakaimba juu ya ukata, mapenzi na ulevi. Kaseti zikausambaza mtaa hadi mtaa. Mwaka 2012 kundi la Jagwa Music lilitolewa albamu yake, Bongo Hotheads, na kampuni moja ya Ubelgiji.

Kisha kinanda nacho kikaipisha kompyuta. Mtengenezaji wa singeli huchukua kipande kifupi cha taarab, mara nyingi ule utangulizi wa ala kabla mwimbaji hajafungua kinywa, hukirudiarudia, na kukiongezea kasi hadi mapigo 200, pengine 300, kwa dakika moja. (Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100, ndiyo maana mzee akikaa karibu na spika huhisi anafukuzwa.) Juu ya kasi hiyo mghani humwaga maneno. Msaga Sumu alijipatia jina kwa kughani hivyo katika mikesha ya mitaani, na kufikia mwaka 2016 wimbo wa Man Fongo, Hainaga Ushemeji, ulikuwa midomoni mwa watu. Mwaka 2017 kazi za studio ya Sisso ya Mburahati zilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na vijana wa uswahilini wakaitwa kwenye majukwaa ya Ulaya.

Furaha hiyo yangu pia, lakini hapa napata shida. Yule aliyekipiga kinanda cha taarab kwenye kile kipande kilichokatwa, fungu lake liko wapi? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua msanii, ila katika mkesha wa mtaani nani atauliza? Mpiga vinganga ana hali ngumu zaidi, kwani mapigo aliyorithi kwa babu zake hayana jina la mtu. Sindimba ya Wamakonde ilipopandishwa jukwaani na kundi la ngoma la taifa baada ya Uhuru, ngoma ilipata sifa nchi nzima. Wangapi kati yetu wanamjua hata mpigaji mmoja wa kijijini aliyeifundisha?

Kijana wa Mtwara mwenye kompyuta hana haja ya kukata taarab ya mtu. Vinganga vina kasi ya kutosha, na simu ya mkononi yaweza kuvirekodi. Asubiri tu vikauke motoni, amlipe mzee siku hiyohiyo, na jina lake aliandike kwenye wimbo.