Kazi ya Kinezi: Mikono Inayosimamisha Watu

Kijana amemaliza shule ya sekondari na diploma ya Serikali iko mkononi mwake. Baba anamtaka awe daktari. Yeye anataka kujifunza kazi ya kinezi. Baba anakasirika: «Kukanda watu, je, hiyo ni kazi ya mtu aliyesoma?» Swali hilo lastahili kujibiwa vema.

Kinezi ni mtabibu anayerudishia viungo nguvu. Hapasui mtu, hutumia mikono yake, mazoezi na elimu ya mwili. Akiletewa mzee aliyepatwa na kiharusi, hupima kwanza misuli ipi inatii na ipi haitii. Ndipo humfundisha tena kuketi, kusimama na kushika kijiko. Aliyevunjika mguu kwa ajali ya pikipiki hukaa majuma mengi katika plasta, na goti hukakamaa. Kinezi hulikunjua kidogo kidogo. Huko Kwango kuna ugonjwa wa konzo, unaokaza miguu ghafula, hasa ya watoto na akina mama, kwa sababu ya kula mihogo michungu isiyolowekwa ipasavyo. Hakuna dawa ya kuuondoa. Lakini mazoezi na magongo humsaidia mgonjwa kwenda tena.

Mtazameni pia mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda. Akiletwa mapema, miguu yake hunyoshwa polepole kwa mikono na kufungwa plasta, nayo hubadilishwa kila juma. Njia hiyo ilitengenezwa na daktari Ignacio Ponseti huko Iowa, Marekani, na watoto wengi huepushwa na kupasuliwa sana. Baada ya plasta, mtoto huvaa viatu maalum kila usiku kwa miaka kadhaa. Nani atamvika? Mama yake. Kwa hiyo kinezi lazima awe pia mwalimu mwenye subira.

Basi, kazi hii haijifunzwi kwa kutazama tu. Katika Kongo, mwenye diploma ya Serikali aweza kuisomea katika Chuo Kikuu cha Kinshasa au katika chuo cha ufundi wa utabibu, kiitwacho ISTM. Atajifunza mifupa, misuli, mishipa ya fahamu na magonjwa, kisha atafanya majaribio ya kazi hospitalini. Anayekanda bila elimu aweza kuharibu mfupa uliokuwa ukipona. Ndiyo maana nchi nyingi hudai kibali: Kenya ilitunga sheria mwaka 2014 na kuweka baraza la kuwaandikisha wenye kazi hii. Kabla ya kulipa franka ya kwanza, mzazi aulize: Je, chuo hiki kinatambuliwa na Serikali?

Je, kazi itapatikana? Shirika la Afya la Ulimwengu lasema mtu mmoja katika kila watatu duniani ana shida ya mwili ambayo matunzo ya namna hii yaweza kuipunguza. Lakini katika nchi nyingi maskini hakuna hata wafundi 10 kwa watu milioni moja. Haja ni kubwa. Lakini tusidanganyane: haja si mshahara. Katika Kongo wengi wa wafanyakazi wa hospitali hawalipwi vya kutosha na Serikali, hutegemea malipo ya wagonjwa. Zipo nafasi katika hospitali kubwa na katika vituo vya walemavu, kama Heri Kwetu huko Bukavu na Shirika la Umoja huko Goma. Vijijini, penye haja zaidi, nafasi ni chache. Anayetafuta utajiri wa haraka atafute pengine.

Jirani yetu Rwanda, mwaka 1960, Padri Joseph Fraipont Ndagijimana alianza kuwakusanya watoto vilema huko Gatagara, wapate matunzo na shule. Wengi waliwaona watoto hao kuwa mzigo wa nyumba tu. Mpaka leo nyumba ile yaendelea na kazi yake.

Kwa hiyo, baba, usimcheke mwanao. Mwulize kama ana subira, mwulizie chuo kizuri, kisha mwache aende. Labda siku moja mikono yake ndiyo itakayokusimamisha wewe.