Vumbi la Igawa na Moshi wa Jikoni

Hadithi, hadithi! Najua mtaitikia "hadithi njoo, uongo njoo", lakini ya leo haina uongo, wajukuu zangu. Inatokea hapa hapa Igawa, na inaanzia puani mwenu.

Mmesimama kando ya barabara kuu. Lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Tunduma limepita na kuwaachia moshi mweusi. Ng'ambo ya barabara mashine ya kukoboa mpunga inanguruma, vumbi la pumba limetanda. Unapiga chafya. Ni heri hiyo: pua imelinasa vumbi na kulitupa nje.

Vumbi lililoponyoka puani linashuka kwenye njia ya hewa. Humo mna ute unaonata, na vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vinapepea kwa pamoja kama mpunga wa Usangu unaopigwa na upepo, vikiusukuma ute na uchafu wake urudi juu, uukohoe au uumeze. Havipumziki hata ukilala.

Sasa tegeni masikio, maana hapa ndipo penye hatari. Moshi una chembe ndogo kuliko vumbi la pumba. Zinazotisha zaidi ni zile zisizozidi maikromita 2.5: ukizipanga kama 30 kwa mstari, ndipo zinafikia unene wa unywele mmoja wa kichwani. Hizo hazikupigishi chafya. Zinapita pua, zinavipita vile vinyweleo, zinateremka hadi kwenye vifuko vya hewa vilivyo mwisho wa mapafu. Kuta za vifuko hivyo ni nyembamba sana, kwa sababu ndipo oksijeni inapoingilia kwenye damu. Chembe zikituama hapo siku baada ya siku, mapafu yanaumia na pumzi inakuwa fupi. Nyingine hupenya mpaka kwenye damu.

Wengi huogopa lori. Mimi naogopa zaidi moto wa kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha. Lori hupita likaenda zake. Mafiga yanawaka asubuhi, mchana na jioni, na moshi hauna pa kutokea. Mama ameinama anapuliza kuni mbichi, machozi yanamtoka, na mgongoni amembeba mdogo wenu. Huyo anapumua haraka kuliko mama, na mapafu yake bado yanakua. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya vifo vya nimonia kwa watoto wa chini ya miaka 5 husababishwa na moshi wa nyumbani. Mwaka 2024 Serikali yetu ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, kama gesi, ikilenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034.

Gesi bado ni ghali kwa nyumba nyingi, nalijua hilo. Basi anikeni kuni juani zikauke kabisa, maana kuni mbichi ndizo zenye moshi mwingi. Mwombeni baba atoboe dirisha jikoni, na siku isiyo na mvua mafiga yahamie uani. Na mama akianza kupika, mpokeeni mtoto mgongoni, mkacheze naye nje.