Rubaya: Msanii akishaondoka, wenyeji wanabaki na nini?

Magunia ya mchanga mzito hushuka vilima vya Rubaya yakiwa mabegani mwa vijana. Mchanga huo huoshwa kwa maji, hupimwa, hununuliwa na manegosia, kisha huondoka. Baada ya muda, chembe zake zimo ndani ya simu ya mtu wa Seoul au Chicago ambaye hajawahi kulisikia jina la Masisi.

Koltani si kitu pekee kinachochukuliwa Rubaya kikapata thamani mbali. Picha nazo huondoka. Kijana aliyejaa tope, shimo lililo wazi, mama mwenye beseni kichwani: sura hizi zimezunguka dunia katika magazeti, filamu na kumbi za maonyesho. Aliyepigwa picha amebaki kilimani na sururu yake.

Ndiyo maana wasanii wengi wa Kongo na wa kwingineko wanazungumzia ukaazi wa kisanii, au rezidansi, kama njia nyingine ya kufanya kazi. Kwa kawaida rezidansi ni nafasi anayopewa msanii kuishi na kufanya kazi mahali fulani kwa wiki au miezi kadhaa. Kampala ina kituo cha 32° East, na Dar es Salaam ina Nafasi Art Space. Lakini kuna aina inayokwenda mbali zaidi. Msanii huishi miongoni mwa watu, hufanya kazi nao juu ya jambo linalowasumbua, na kazi hiyo inatarajiwa kubadili kitu katika maisha yao.

Ahadi hiyo ni tamu. Kwa mji kama Rubaya, ni vizuri kuipima kabla ya kuipokea.

Mji juu ya madini

Rubaya iko wilaya ya Masisi, kaskazini-magharibi mwa Goma, katika vilima ambavyo zamani vilisifika zaidi kwa ng'ombe na jibini. Leo jina lake haliachani na koltani, mawe yanayotoa tantalamu, metali inayotumika kutengeneza vifaa vidogo vya kuhifadhi umeme ndani ya simu na kompyuta.

Waasi wa M23 waliuteka mji huo mwishoni mwa Aprili 2024. Septemba mwaka huo, Bintou Keita, aliyekuwa mkuu wa MONUSCO, aliliambia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwamba biashara ya madini katika eneo la Rubaya inakadiriwa kutoa zaidi ya asilimia 15 ya tantalamu ya dunia, na kwamba inawapatia waasi takriban dola 300,000 kwa mwezi.

Kwa wachimbaji, hesabu ni nyingine. Wanafanya kazi kwa mikono, katika mashimo ambayo kuta zake hulegea mvua inaponyesha, na maporomoko ya udongo yameua watu huko mara nyingi. Wakazi wengi wa Masisi waliokimbia vita waliishi katika kambi za Bulengo na Rusayo, magharibi mwa Goma, hadi kambi hizo zilipovunjwa Februari 2025 na watu wakatakiwa kurudi walikotoka.

Msanii anayefika katika mazingira kama haya hakosi kitu cha kupiga picha. Kazi ngumu ni kujua anampigia nani.

Funzo la Kanyabayonga

Kivu Kaskazini imewahi kuliona swali hili waziwazi. Mwaka 2008 msanii wa Uholanzi, Renzo Martens, alitoa filamu iitwayo Enjoy Poverty. Katika sehemu moja anakutana na wapiga picha wa Kanyabayonga, watu waliokuwa wakijipatia riziki kwa kupiga picha za harusi na sherehe. Anawaonyesha kwamba wageni wanaopiga picha za vita na njaa wanalipwa mara nyingi zaidi yao, kisha anawahimiza wafanye vivyo hivyo.

Walijaribu. Walipokwenda kuomba ruhusa kwenye shirika la kimataifa la tiba, walikataliwa. Soko la picha za mateso ya Wakongo halikuwa na mlango wa Wakongo wenyewe.

Filamu hiyo ilizua ubishi mkubwa, na wengi waliona kwamba Martens naye alikuwa anafanya kile kile alichokilaumu: alitengeneza jina Ulaya kwa shida za watu wa Kivu, akawaacha wapiga picha wale pale alipowakuta.

Lusanga: udongo ulivyorudisha ardhi

Miaka michache baadaye, Martens alishiriki kuanzisha jambo la namna tofauti Lusanga, mkoani Kwilu, magharibi mwa Kongo. Mji huo uliitwa Leverville wakati wa ukoloni, kwa jina la mfanyabiashara Mwingereza William Lever aliyepewa mashamba makubwa ya michikichi mwaka 1911. Mwaka 2014 wafanyakazi wa mashambani na wasanii waliunda chama chao, kinachojulikana kwa kifupi CATPC. Rais wake wa kwanza alikuwa René Ngongo, mtetezi maarufu wa misitu ya Kongo.

Wanachama hufinyanga sanamu kwa udongo wa mtoni. Sanamu hizo hupigwa picha za pande tatu kwa mashine, kisha nakala zake hutolewa Ulaya kwa chokoleti na mafuta ya mawese, mazao yale yale ambayo wazazi wao waliyalima kwa ujira mdogo. Mwaka 2017 zilionyeshwa New York. Mwaka huohuo jengo jeupe la maonyesho lilifunguliwa Lusanga kwenyewe, katikati ya michikichi.

Sehemu inayopaswa kumvutia msomaji wa Masisi ni matumizi ya fedha. Mapato yalinunua ardhi. CATPC imekomboa hekta zipatazo 200 za mashamba ya zamani na inapanda chakula na miti ya msitu juu yake. Mwaka 2024 chama hicho kilijaza ukumbi wa Uholanzi katika maonyesho ya Venice, na wakati huohuo Lusanga ilipokea kwa mkopo, kutoka jumba la makumbusho la Virginia nchini Marekani, sanamu ya Maximilien Balot, afisa wa Kibelgiji aliyeuawa katika uasi wa Wapende mwaka 1931.

Si kila mtu ameridhika. Wapo wanaouliza kwa nini ilihitajika sauti ya Mzungu ili milango ifunguke, na hekta 200 ni kipande kidogo ukilinganisha na ardhi iliyochukuliwa. Hata hivyo, kuna kitu mtu anaweza kukikanyaga kwa mguu na kusema: hiki kilibaki.

Walikale mbele ya majaji

Jaribio jingine liligusa moja kwa moja jirani ya Masisi. Mwaka 2015 mwongozaji wa tamthilia kutoka Uswisi, Milo Rau, aliandaa Mahakama ya Kongo, kwa siku tatu Bukavu na siku tatu nyingine Berlin. Haikuwa mahakama yenye nguvu ya sheria, lakini majaji na mawakili walikuwa wa kweli, na mashahidi walisema yale waliyoyapitia. Mojawapo ya kesi ilihusu mgodi wa Bisie, wilaya ya Walikale, na wachimbaji waliopoteza riziki kampuni ilipochukua eneo.

Kwa siku hizo mchimbaji na mwanasiasa walikaa katika ukumbi mmoja, na mwanasiasa akatakiwa kujibu. Ni jambo ambalo mahakama za serikali zilikuwa hazijalifanya. Lakini siku tatu huisha. Shahidi hurudi kijijini kwake, na ushahidi wake hubaki katika filamu iliyotoka mwaka 2017.

Goma: nani ashike kamera?

Mjini Goma jibu limetafutwa kwa njia ya kukaa. Petna Ndaliko Katondolo, mtengeneza filamu mzaliwa wa Goma, alianzisha Yole!Africa jijini Kampala mwaka 2000 akiwa uhamishoni, kisha akaipeleka nyumbani. Vijana wamejifunza hapo filamu, muziki na dansi, na tamasha lake la filamu limewakutanisha wasanii wa Kivu na wageni. Mgeni anayekuja huingia katika nyumba yenye wenyewe, yenye desturi zake na maswali yake.

Chérie Rivers Ndaliko, aliyeshiriki kukiongoza kituo hicho, aliandika mwaka 2016 kitabu kiitwacho Necessary Noise kuhusu tatizo ambalo wasanii wengi wa Goma wanalijua. Fedha za sanaa mara nyingi hutoka kwa mashirika ya misaada, na shirika huja na ujumbe wake tayari: imbeni kuhusu chanjo, igizeni kuhusu amani. Ujumbe unaweza kuwa mwema, lakini msanii anageuka kipaza sauti cha mwingine, na jamii inakuwa hadhira ya kuelimishwa badala ya kuwa watu wenye la kusema.

Ubishi huo uliendelea katika filamu. Mwaka 2020 Joris Postema wa Uholanzi alitoa Stop Filming Us, akiuliza kama Mzungu anaweza kuipiga Goma picha ya haki. Wakongo hawakuishia kuijadili. Katondolo alijibu kwa filamu yake Kumbuka, na Bernadette Vivuya pamoja na Kagoma Ya Twahirwa wakatoa yao mwaka 2022. Picha zilezile zilipopita mikononi mwa wenyeji, zilisema mengine.

Gharama ya kusema

Kuna jambo ambalo vipeperushi vya rezidansi hulitaja kwa nadra. Sanaa inayogusa haki huwagusa pia wenye nguvu.

Afrika Mashariki inalikumbuka hilo kupitia Kamiriithu, karibu na Limuru nchini Kenya. Mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii waliandaa mchezo wa Kigikuyu pamoja na wakulima na vibarua, ambao waliusahihisha, wakauigiza na kujenga jukwaa kwa mikono yao. Serikali iliupiga marufuku baada ya wiki chache, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwishoni mwa mwaka huo, na mwaka 1982 jukwaa likabomolewa.

Karibu zaidi ni Goma. Tarehe 13 Februari 2025, wiki chache baada ya mji kuangukia mikononi mwa M23, mwanamuziki Delphin Katembo, aliyejulikana kama Idengo, aliuawa kwa risasi akiwa anarekodi video ya wimbo.

Kwa hiyo anayetaka kufanya kazi na watu wa Rubaya lazima ajiulize swali la kwanza kabisa: baada ya mimi kupanda gari, nani atabaki kujibu kwa niaba ya picha hii? Mchimbaji anayeonekana akieleza kodi anayotozwa hana tiketi ya ndege. Wakati mwingine heshima kubwa ni kuificha sura, kubadilisha jina, au kusubiri miaka.

Rubaya ingehitaji nini?

Mifano hii inatoa masharti machache ambayo mzee wa kijiji, mwalimu au kiongozi wa kwaya anaweza kumwekea msanii yeyote anayebisha hodi.

La kwanza ni muda. Wiki mbili zinatosha kupata picha, hazitoshi kupata rafiki. Masisi ina Wahunde, Wahutu, Watutsi na wengine, na ugomvi wa ardhi wenye mizizi mirefu. Mgeni asiyekaa ataisikiliza nyumba moja na kudhani ameusikiliza mji.

La pili, swali litoke kwa wenyeji. Pengine mgeni atakuja na hamu ya kuzungumzia simu na viwanda vya mbali, kumbe wajane wanataka kwanza majina ya waliofukiwa mashimoni yaandikwe mahali.

La tatu ni malipo. Anayefundisha, anayetafsiri, anayeigiza na anayehojiwa wanafanya kazi. Mkataba useme nani ana haki ya picha, na kazi ikiuzwa, kiasi gani kinarudi.

La nne, kazi ionyeshwe nyumbani kabla ya kuonyeshwa ugenini, mbele ya watu wanaoweza kusimama na kusema: hapa umekosea.

Hata masharti hayo yote yakitimizwa, sanaa haitaegemeza ukuta wa shimo mvua ikinyesha, wala haitawaondoa wenye bunduki. Anayeahidi hivyo anauza kitu ambacho hana. Inachoweza kufanya ni kuwapa watu njia ya kujitambua na kusikilizwa kwa maneno waliyoyachagua wenyewe, na pale ilipofanywa kwa uaminifu, kama Lusanga, kuacha kitu kinachoshikika.

Na huenda rezidansi ya Rubaya haihitaji kuanza na mgeni. Miji ya Kivu ina kwaya zake, wachezaji wake wa ngoma, na watu wanaobeba kamera kwenda kwenye harusi na ubatizo. Mtu wa namna hiyo anazijua familia kwa majina. Pengine ana picha ya kijana akitabasamu ndani ya suti ya kuazima, miezi michache kabla shimo halijamfunika, na picha hiyo ndiyo mama yake ameitundika ukutani.

Msanii huyo tayari ni mkaazi. Kinachokosekana ni mtu wa kumuuliza angependa kufanya nini, na kumlipa afanye.