Chuo cha ng'ambo au cha Malimbe? Hesabu ya mzazi wa Mabatini

MATOKEO ya kidato cha sita yakishatangazwa mwezi Julai, mazungumzo katika nyumba nyingi za Mabatini jijini Mwanza hubadilika. Aliyefaulu huanza kuleta nyumbani vipeperushi vya vyuo vya India, China, Uturuki na Uganda. Wakala wa vyuo hupiga simu. Mjomba aliye Dar es Salaam naye hutoa ushauri, ingawa hachangii hata shilingi. Mzazi anayeishi kwa kuuza dagaa, mbao au nguo za mitumba hubaki na swali moja: fedha zitatoka wapi, na zitatoka mara ngapi?

Hiyo sehemu ya pili ya swali ndiyo inayosahaulika. Ada si mahari, kwamba ukishatoa umemaliza. Shahada nyingi huchukua miaka mitatu, na udaktari huchukua mitano. Wazazi wengi hupanga fedha za kumfikisha mtoto uwanja wa ndege na za mwaka wa kwanza, halafu yanayofuata wanamwachia Mungu.

Chukua mfano wa mama anayenunua dagaa visiwani na kuwauza Mwaloni Kirumba, ambako wanunuzi hutoka hadi Congo na Rwanda. Ana mtumbwi mmoja wenye injini na ana kiwanja. Kipato chake hakiji kama mshahara. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hupumzika. Mvua za vuli zikianza, Oktoba hadi Desemba, kuanika kunakuwa taabu na mzigo huharibika. Sasa angalia kalenda ya vyuo vya Tanzania: masomo ya mwaka wa kwanza huanza kati ya Oktoba na Novemba. Ada inadaiwa wakati ule ule dagaa hawakauki. Mkulima wa pamba wa Misungwi au Kwimba yuko pale pale, kwa sababu msimu wa kuuza hufunguliwa karibu na Mei, na ifikapo Novemba fedha ya pamba imekwishaingia katika mbegu, chakula na madeni.

Ndipo mtumbwi unapouzwa. Mtumbwi ukiuzwa unalipa ada ya mwaka mmoja, pengine na nauli. Lakini ada ya mwaka wa pili ingetoka katika mtumbwi huo huo. Mzazi aliyeuza kinachozalisha ili alipie kinachotumika amejifungia mlango mwenyewe, hata kama kijana ana akili namna gani. Kiwanja kilichokaa bure ni afadhali kikauzwa kabla ya mtumbwi, maana hakimwingizii mtu kitu kila mwezi.

Kwa anayekwenda nje kuna hatari nyingine ambayo haimo katika vipeperushi, nayo ni dola. Tuseme chuo kinatoza dola 2,000 kwa mwaka. Mwaka 2022, dola moja ilipouzwa kwa takriban Sh2,300, ada hiyo ilikuwa Sh4.6 milioni. Mwaka 2024 dola ilipita Sh2,600, na ada ile ile ikawa Sh5.2 milioni na zaidi. Chuo hakikupandisha hata senti, lakini mzazi alidaiwa nyongeza ya Sh600,000. Kweli, mwishoni mwa mwaka huo shilingi ilipata nguvu tena. Hata hivyo, msajili wa chuo hasubiri shilingi ipate nguvu. Aliyekumbuka kipindi cha uhaba wa dola cha 2023 anajua kwamba hata mwenye shilingi zake mkononi alihangaika kuzipata.

Mzazi wa leo walau ana cha kuchagua. Julius Nyerere, mtoto wa Butiama, ng'ambo ya mashariki ya ziwa hili hili, alikwenda Makerere mwaka 1943 kwa sababu Tanganyika haikuwa na chuo kikuu. Alirudi, akafundisha Tabora, kisha mwaka 1949 akaenda Edinburgh kwa ufadhili na kumaliza shahada yake mwaka 1952. Chuo cha kwanza nchini kilifunguliwa Dar es Salaam Oktoba 1961, kikiwa na kitivo cha sheria tu. Inafaa kuangalia mpangilio wake: alianza karibu, akafanya kazi, ndipo akavuka bahari, na kule alikwenda kwa fedha za ufadhili.

Leo kijana wa Mabatini anaweza kulala kwao na kupanda daladala hadi Malimbe, kilipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kilichoanza mwaka 1998 katika kilichokuwa chuo cha mafunzo ya jamii Nyegezi. Anayetaka udaktari anacho chuo cha Bugando, kilichoanza kufundisha mwaka 2003, kikiwa na hospitali ya rufaa ubavuni mwake. Wa uvuvi yupo Nyegezi, kwenye Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, ingawa huko ni ngazi ya cheti na diploma. Wa kilimo atakwenda Sokoine, Morogoro, chuo kilichoanzishwa mwaka 1984. Na mfanyabiashara mwenyewe, kama bado ana hamu, Chuo Kikuu Huria kinamruhusu kusoma bila kufunga duka.

Kulala nyumbani si jambo dogo katika hesabu. Chumba na chakula, kwa miaka mitatu, mara nyingi huzidi ada. Isitoshe, kijana aliye nyumbani anaweza kwenda Mwaloni na mama yake Jumamosi, na hiyo ni nguvu kazi ambayo ng'ambo haipatikani.

Kuna pia mkopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Mikopo yake imelenga zaidi walio katika vyuo vya ndani. Fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi huiita "bumu", ilipandishwa mwaka 2022 kutoka Sh8,500 hadi Sh10,000 kwa siku. Si kila mwombaji hupata, na wanaopata hawapati kiwango sawa. Deni lenyewe lina meno: tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Lakini anaanza kurejesha baada ya kumaliza masomo. Mkopo wa Saccos hautoi nafasi hiyo; marejesho yake huanza wakati kijana bado yumo darasani.

Je, hakuna faida ya kwenda nje? Ipo, na ni kubwa kwa anayejua anachofuata. Bidhaa nyingi za madukani Mwanza hutoka China, na kijana anayejua Kichina na soko la Guangzhou anaweza kumwingizia mzazi wake faida kuliko shahada yenyewe. Zipo fani ambazo vyuo vyetu vina nafasi chache mno. Na ufadhili kamili, wenye ada, nauli, malazi na posho, haukataliwi. Tatizo ni ule wa nusu, unaosamehe ada na kumwachia mzazi mengine yote kwa dola.

Matukio ya karibuni nayo yamefundisha. Mwaka 2020 wanafunzi wa Kitanzania walifungiwa Wuhan wakati wa korona, na waliokuwa wamerudi nyumbani walikaa hadi 2022 China ilipofungua tena milango. Vita vya Ukraine mwaka 2022 na vya Sudan Aprili 2023 viliwatoa wengine darasani wakiwa na begi moja. Ada iliyokwishalipwa ni vigumu kuidai kutoka kwenye chuo kilichofungwa na vita.

Anayeamua kwenda, kituo cha kwanza kiwe Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, kabla ya wakala. Tume ndiyo inayotambua vyeti vya nje, na cheti kisichotambuliwa hakimfikishi mtu kwenye ajira ya serikali. Wakala aulizwe kama amesajiliwa, na analipwa na nani: mzazi au chuo. Anayelipwa na chuo hana sababu ya kumwambia mzazi kwamba chuo hicho ni dhaifu. Fani nazo zina milango yake. Aliyesoma sheria Kampala au kwingineko, akitaka kuwa wakili hapa, bado ana Shule ya Sheria Tanzania ya kupitia, na daktari ana baraza lake.

Kwa mwenye mtumbwi mmoja, njia yenye nafuu ni shahada ya kwanza hapa hapa na uzamili nje. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza, kwa mfano, ni wa uzamili na humtaka mwombaji awe amefanya kazi walau miaka miwili. Mwenye mitumbwi mitano ana hesabu nyingine. Huyo auze mmoja kama anataka, lakini fedha ya mwaka wa pili na wa tatu aiweke pembeni kabla kijana hajapanda ndege.