Si kila jani lenye marembo ni la kupandwa

Hapa Kakamega ninapoishi, wauza miche kando ya barabara hawakosi wateja, na wageni kutoka kwetu Pwani wamo. Kinachonitia wasiwasi ni jinsi jani lenye mabaka ya manjano linavyopendwa. Mtu huomba kijiti akapande Kisauni au Malindi, kumbe huenda amebeba virusi.

Si jambo jipya. Waholanzi wa miaka ya 1630 walitoa mali nyingi kununua tulipu zenye michirizi, na mpaka mwaka 1928 ndipo mtafiti Dorothy Cayley alipoonyesha kuwa michirizi ile ni ya kuambukiza.

Utajuaje? Rangi ya asili aghalabu ina mpango, mathalan kingo nyeupe na katikati kijani, jani baada ya jani, na mmea hustawi. (Krotoni muwache, yeye rangi zake ni vurugu tangu kuzaliwa.) Virusi havina mpango: mabaka hayafanani, majani machanga husokotana, mmea hudumaa. Waridi huchorwa mistari ya manjano iliyopindapinda; dalia hupauka kando ya mishipa ya jani. Tuta zima likipauka sawasawa kuanzia majani ya chini, hiyo ni njaa ya mbolea. Mimea ya aina mbalimbali ikijikunja kwa pamoja, uliza jirani gani amepuliza dawa ya magugu.

Kisha geuza jani. Vidukari na nzi weupe hukaa chini yake, nao ndio wabebaji.

Virusi vikishaingia, hakuna dawa ya kupuliza. Ng'oa mmea uuchome, na kisu ukioshe kwa sabuni. Usikate kijiti hata kwenye tawi linaloonekana zima, kwani ugonjwa huweza kuwa umeenea ndani.

Mwenye bustani atasema ni maua tu. Lakini lile ua la zambarau linalotambaa uani, lenye umbo la tarumbeta, ni jamaa ya kiazi kitamu na huweza kuhifadhi virusi vyake. Virusi viwili, kimoja cha vidukari na kingine cha nzi weupe, vikikutana kwenye shamba la viazi, mavuno huporomoka. Huku watu wanategemea viazi hivyo; ipo hata mbegu iitwayo Kakamega. Nasi wa Pwani tunaujua ugonjwa wa michirizi ya kahawia kwenye muhogo, ulioelezwa kule Amani, Tanga, mwaka 1936. Nao husafiri kwa vijiti vya kupanda.

Macho hayatoshi kuthibitisha. Ukishuku, waulize KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea, kabla kijiti hakijapanda basi.