Ukibonyeza Futa, Nakala Hubaki kwa Nani?

Januari 2017, baadhi ya watumiaji wa Dropbox walifungua akaunti zao wakakuta mafaili waliyoyafuta zamani yamerudi, yamekaa kwenye folda zake kana kwamba hayajawahi kuguswa. Mengine yalikuwa yamefutwa zaidi ya miaka mitano kabla. Kampuni ilipochunguza ilieleza kwamba hitilafu ya siku nyingi iliyaacha mafaili hayo na kumbukumbu zisizolingana, hivyo mfumo wa kufuta ukawa unayaruka kila unapopita. Mafundi walipokuja kuirekebisha hitilafu yenyewe, mafaili yakarudi kwa wenyewe bila mtu kukusudia. Kwa kawaida faili lililofutwa lilipaswa kutoka kwenye seva za Dropbox ndani ya siku 60.

Tukio hilo linaonyesha jambo ambalo kioo cha simu hulificha. Kufuta kitu kilichohifadhiwa kwenye wingu hakumalizwi na kidole. Ukigusa neno "Futa" unakuwa umepeleka agizo, na agizo hilo lina foleni yake, lina muda wake, tena lina mipaka: linazihusu nakala zilizo mikononi mwa mtoa huduma peke yake. Wengi wanaoniuliza kuhusu faragha huihofia kampuni iliyoko California. Mimi huwaambia waanze kuziogopa nakala zilizo karibu nao zaidi, na nitaeleza kwa nini. Lakini kwanza tuone huko mbali kunafanyika nini.

Faili lako "kwenye wingu" limekaa kwenye diski, ndani ya jengo, katika nchi fulani. Google hulikata vipande, kila kipande hufungwa kwa ufunguo wake wa siri, na vipande hivyo huwekwa nakala kwenye mashine tofauti. Kuna sababu nzuri ya kufanya hivyo. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo moja la kituo cha data cha kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, na wateja ambao hawakuwa na nakala mahali pengine walipoteza kazi zao moja kwa moja. Nakala nyingi ndizo zinazokulinda siku ya moto. Nakala hizo hizo ndizo zinazofanya kufuta kuchukue muda.

Agizo lako likifika, hatua ya kwanza ni kama ya karani wa stoo: anakata mstari kwenye leja, gunia bado liko kwenye rafu. Faili linahamia kwenye tupio. Kwenye Google Drive na Gmail litakaa humo siku 30. Picha iliyopakiwa Google Photos hukaa siku 60. iCloud hutoa siku 30, OneDrive ya mtu binafsi siku 30 pia, ila ile ya kazini au shuleni hufika siku 93. Kabla ya Oktoba 2020 tupio la Drive halikuwa likijimwaga lenyewe kabisa, na nafahamu watu walioamini wameshafuta mambo yao ilhali yamelala humo miaka mizima.

Tupio likishamwagwa, mifumo huanza kuliondoa faili kwenye seva zinazofanya kazi. Google husema shughuli hiyo kwa kawaida humalizika takriban miezi miwili tangu ulipofuta, ukijumlisha na ule mwezi wa kuweza kurejesha. Nakala rudufu, zile zinazotunzwa kwa ajili ya majanga, zinaweza kubaki hadi miezi sita zikisubiri zamu yao ya kuandikwa upya. Baadhi ya kumbukumbu hubaki zaidi ya hapo kwa sababu za kisheria, za kiusalama au za malipo. Mtu akikwambia kwamba picha uliyoifuta leo asubuhi imekwisha kutoweka duniani, hajui anachosema.

Wahandisi hawakai wakisugua diski moja moja. Wana njia ya haraka zaidi: wanaharibu ufunguo. Kipande kilichosimbwa kwa siri, ufunguo wake ukiisha kuangamizwa, hubaki mrundo wa herufi zisizosomeka hata kama diski ikianguka mikononi mwa mwizi. Ndiyo maana napenda sana kusikia kwamba huduma fulani husimba data, kuliko kusikia ahadi zake za kufuta. Benki ya Morgan Stanley ilijifunza hilo kwa gharama. Ilipokuwa ikifunga baadhi ya vituo vyake vya data, iliwakabidhi vifaa vya zamani watu wa kuhamisha mizigo wasio na ujuzi wa kuharibu data, na baadhi ya vifaa vikaishia kuuzwa kwenye mnada wa intaneti vikiwa bado na taarifa za wateja zisizosimbwa. Mwaka 2022 mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani, SEC, iliitoza dola milioni 35.

Sasa tuje kwenye simu yako, maana hapa ndipo hasara kubwa zinapotokea, na nyingi huanza na ujumbe mmoja: nafasi imejaa.

Akaunti ya bure ya Google ina gigabaiti 15, na hizo zinagawanywa kati ya Gmail, Drive na, tangu Juni 2021, picha zote mpya zinazopakiwa. Zikijaa, barua pepe haziingii tena. Kijana anayesubiri kuitwa kwenye usaili hawezi kumudu hilo, hivyo anaanza kufuta kwa pupa. Anaingia kwenye programu ya Google Photos ndani ya simu, anachagua picha mia mbili, anafuta, akiamini kwamba amepunguza za wingu na za simu zimebaki. Au kinyume chake: anataka kupunguza za simu, akiamini kwamba za wingu zimebaki. Katika hali zote mbili amekosea, kwa sababu picha iliyokwisha kupakiwa, ukiifuta ndani ya programu hiyo, huondoka kwenye wingu na kwenye simu kwa pamoja. Mwenye iPhone aliyewasha picha za iCloud yuko hivyo hivyo: akifuta kwenye simu, imefutika na kwenye kompyuta yake ya nyumbani.

Tofauti inayopaswa kueleweka hapa ni kati ya kusawazisha na kutunza nakala rudufu. Kusawazisha ni kuhakikisha vifaa vyote vinaonyesha kitu kimoja, na kukosekana kwa picha nako ni kitu kinachosawazishwa. Nakala rudufu ya kweli ni ile ambayo haiguswi unapofuta ya kwanza: iliyo kwenye diski ya nje, kwenye flashi, au kwenye akaunti nyingine isiyounganishwa na simu hiyo. Huduma nyingi zinazotangazwa kwamba zinatunza nakala, kwa tabia zake, zinasawazisha. Hili linanisikitisha, kwa sababu mama aliyepoteza picha za mtoto wake hakukosea kwa uzembe. Aliamini neno aliloambiwa. Kama lengo lako ni kupunguza za simu tu, Google Photos ina kitufe maalumu cha kuongeza nafasi kwenye kifaa, ambacho huondoa zile zilizokwisha kupakiwa na kuziacha kwenye wingu. Kitumie hicho.

Kuna mzigo mwingine usioonekana. Watu humwaga Drive nzima na nafasi hairudi, kwa kuwa kinachoijaza ni nakala rudufu ya WhatsApp, ambayo haitokei kwenye orodha ya kawaida ya mafaili. Kwenye simu za Android, tangu mwaka 2024 nakala hiyo imeanza kuhesabiwa kwenye zile gigabaiti 15. Iko kwenye sehemu ya nakala rudufu ndani ya Drive, na ndani yake mna mazungumzo yako yote, pamoja na picha za vitambulisho ulizowahi kutuma. WhatsApp imeruhusu tangu 2021 kuisimba nakala hiyo kwa nenosiri lako mwenyewe, lakini lazima uiwashe wewe.

Nakala zilizo karibu ndizo hizi. Mtu anatafuta kazi. Anakwenda steshenari na kumtumia dada wa pale, kwa WhatsApp, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA na vyeti vya shule ili viunganishwe kuwa PDF moja. Kazi inakwisha, analipa, anaondoka. Kwenye kompyuta ile mafaili yake yamebaki kwenye folda ya vilivyopakuliwa, pamoja na ya wateja wengine wote wa mwezi ule. Yapo pia kwenye WhatsApp ya duka, na pengine kwenye nakala rudufu ya simu ya duka. Akifika nyumbani akafuta yake kwenye Drive, amefuta moja kati ya nne. Kufuta ujumbe wa WhatsApp kwa kila mtu kunawezekana kwa zaidi kidogo ya siku mbili tu, na hakuligusi faili lililokwisha kupakuliwa kwenye kompyuta.

Ushauri wangu ni kusimama pale pale dukani na kuomba, kwa lugha ya heshima: "Dada, naomba tuyafute mbele yangu, na tupio pia." Sijaona mwenye duka mwema aliyechukia ombi hilo.

Kwenye Drive yenyewe, faili ulilomshirikisha mwenzako lina mmiliki mmoja. Ukiwa ndiwe mmiliki, ukilitupa kwenye tupio, wenzako wanaweza kuendelea kuliona hadi litakapofutwa moja kwa moja. Ukiwa si mmiliki, unaliondoa kwenye macho yako tu. Na aliyetengeneza nakala yake ana faili lake, ambalo agizo lako haliwezi kulifikia. Kwa hiyo ondoa kwanza ruhusa ya kushiriki, ndipo ufute.

Pale nakala iko kwa taasisi, sheria zipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kifungu chake cha 40 kinakupa haki ya kudai taarifa zisizohitajika tena, zilizopita kiasi au zilizopatikana isivyo halali zifutwe; aliyezigawa kwa wengine anapaswa kuchukua hatua za kuwajulisha nao. Ofisi ya Kamishna wa Data haikai kimya: Septemba 2023 iliitoza faini ya shilingi 4,550,000 shule moja jijini Nairobi iliyoweka hadharani picha za watoto bila idhini ya wazazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake hupokea malalamiko. Ombi liandikwe, litaje taarifa gani na kwa nini, na nakala yake itunzwe. Ni mlango unaotumiwa na wachache mno.

Jambo la mwisho kabla ya kufunga akaunti nzima, nalo ni zito kuliko linavyoonekana. Wengi walifunguliwa Gmail na aliyewauzia simu. Nenosiri alilitunga yeye, na pengine namba ya kurejesha akaunti ni ya dukani. Kwa hesabu yoyote ile, akaunti ya namna hiyo ina funguo mbili. Kabla ya kufuta chochote, badilisha nenosiri, kagua namba na barua pepe za kurejesha, na toa vifaa usivyovitambua. Kagua hata namba yako mwenyewe ya zamani: laini isiyotumika muda mrefu hupewa mtu mwingine, na misimbo ya kurejesha akaunti itamfikia yeye.

Mwenye kutaka kufunga kabisa asianzie kwenye kufuta. Aanze na Google Takeout kupakua kila kilichomo, kisha afungue mafaili yaliyopakuliwa aone kama yanafunguka. Halafu aorodheshe mahali alipojisajili kwa anwani ile. Mtanzania aliyejisajili kwenye Ajira Portal, mfumo wa kuombea kazi za serikali, kwa barua pepe hiyo anahitaji kuibadilisha kule kwanza, kwa sababu akaunti ikifungwa na muda wa kuirejesha ukapita, anwani ile haitolewi tena kwa yeyote, pamoja na yeye. Programu alizoziruhusu kusoma Drive nazo aziondolee ruhusa mapema. Wenye programu hizo, walichokwisha kuchukua kinabaki kwao hata akaunti ikifa.

Simu inayouzwa nayo ina utaratibu wake: ondoa akaunti ya Google kwanza, ndipo urejeshe simu kwenye hali ya kiwandani. Usipoiondoa kwanza, mnunuzi anaweza kukutana na kufuli inayodai akaunti yako, naye ataipeleka simu kwa fundi, au atakupigia kuomba nenosiri. Usimpe. Simu nyingi za miaka ya karibuni husimba kilichomo, hivyo kurejesha hali ya kiwandani huangamiza ufunguo, sawa na wafanyavyo wahandisi wa vituo vya data. Simu za zamani sana hazina kinga hiyo, na kama zimebeba siri nzito ni afadhali zisiuzwe.

Zipo pia akaunti ambazo mwenyewe hayupo tena kuzifuta. Tangu Desemba 2023 Google inaweza kufuta akaunti ya mtu binafsi isiyotumika kwa miaka miwili, pamoja na picha zake zote, na familia nyingi hazilijui hilo mpaka zinapozitafuta picha za marehemu. Wewe unaweza kuamua mapema. Ndani ya mipangilio ya data na faragha kuna sehemu ya akaunti isiyotumika: unachagua usubiriwe miezi 3, 6, 12 au 18, unataja watu hadi 10 na kila mmoja apewe nini, au unaagiza yote yafutwe. Haitozwi chochote, na inaweza kubadilishwa wakati wowote ungali hai.