Mji Mkongwe una ratiba yake ya kula

Mji Mkongwe wa Unguja una saa zake za kula, na mgeni asiyezijua anaweza kushinda na njaa katikati ya shibe. Ukienda Forodhani saa saba mchana utakuta bustani na bahari, wapishi hawajafika. Ukichelewesha chakula cha mchana hadi alasiri, pweza wa nazi ameshakwisha na sufuria zinaoshwa. Kila mpishi ana zamu yake na kila zamu ina mtaa wake. Anayeifuata ratiba hiyo kwa siku moja tu huufahamu mji kuliko aliyekaa wiki nzima akila kwenye paa la hoteli.

Siku huanzia Darajani, soko lililofunguliwa mwaka 1904. Wateja wa mwanzo ni wachuuzi wa samaki, wapagazi na madereva wa daladala, watu walioamka kabla ya adhana ya alfajiri. Aliyebeba magunia tangu usiku hadanganyiki kwa maandazi ya jana, kwa hiyo vyakula vya pembezoni mwa soko havina budi kuwa vizuri. Chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi, mbaazi za nazi, boflo la kuchovya, mkate wa kumimina uliotoka jikoni muda si mrefu. Unakula kwenye benchi, bega kwa bega na muuza ndizi, kisha unampisha mwenzio anayesubiri nafasi.

Mchana una wenyewe. Kwenye Barabara ya Malawi, karibu na Malindi, kuna Passing Show, mahali pa pilau na biriani ambapo wafanyakazi wa maofisini na wasafiri wa boti hukaa meza moja bila kutambulishana. Ukiingia ndani zaidi, Mkunazini, kuna mkahawa wa Lukmaan, chini ya mbuyu mkubwa, si mbali na Kanisa Kuu la Anglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Pale unaisogelea kaunta, unavitazama vyakula vyenyewe, unaonyesha unachotaka: wali wa nazi, mchuzi wa pweza, samaki wa kupaka, mchicha, maharage. Watalii wamekwishapajua, na hilo si kosa. Kinachonipa imani ni kwamba wenyeji hawakuhama walipokuja wageni. Mkahawa ukipata sifa halafu wateja wake wa zamani wakaukimbia, kuna kitu kimeharibika jikoni au kwenye bei.

Jua likianza kulala, ni wakati wa urojo. Mchuzi wake ni unga, manjano na ukali wa embe mbichi au ndimu, ukipikwa polepole huku ukikorogwa usifanye madonge. Humo huingia viazi, bajia, kachori na mishikaki, kisha juu yake hunyunyizwa chipsi nyembamba za muhogo na kumiminwa chatne ya nazi na pilipili. Sahani moja ina historia nzima ya bandari: dengu na viungo vya watu wa Bara Hindi, muhogo na nazi za shamba, mkaa wa mishikaki. Hakuna anayeipika kwa kipimo cha kitabu, na ndiyo maana kila familia ina urojo wake inaouapia, na kila mtaa una mama ambaye watu humfuata hata akihamisha meza yake. Ukitaka kumpata wa mtaa uliofikia, waulize watoto wanaotoka madrasa. Wao hawana sababu ya kukusifia duka la ndugu yao.

Baada ya magharibi mji mzima huteremkia Forodhani, bustani iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009. Taa huwashwa, moshi hupanda, na mashine za miwa huanza kukamua juisi yenye ndimu na tangawizi. Mpishi wa pitsa ya Zanzibar hukanda unga ukawa mwembamba kama kitambaa, akaujaza nyama ya kusaga, kitunguu na yai, akaukunja na kuukaanga mbele yako. Samaki waliopangwa mezani hupendeza macho. Uliza bei na uliza wamevuliwa lini kabla hawajawekwa mkaani. Muuzaji mwema haoni haya kujibu.

Ratiba hufungwa kwa kahawa. Jaws Corner, kwenye makutano ya njia upande wa Soko Muhogo, inajulikana kwa jina la filamu ya papa ya mwaka 1975, lakini umaarufu wake ni wa mabarazani. Kahawa chungu hutoka kwenye dele lililo juu ya mkaa, humiminwa kwenye finjani na kunywewa kwa kashata au kipande cha halua. Dhumna zinagongwa, mpira unajadiliwa, siasa haina mapumziko. Kwa bei ya finjani moja unakaribishwa kusikiliza mji ukijizungumzia.

Nasisitiza ratiba hii kwa sababu ninaiogopea. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na tangu hapo mjadala mwingi umekuwa juu ya mawe, chokaa na milango. Ni haki; tulipoona sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, ikiporomoka Desemba 2020, sote tuliumia. Lakini mama wa urojo hana orodha inayomlinda. Nyumba ikigeuzwa hoteli, familia iliyokuwa ikinunua urojo wake inahamia mbali, na mpishi anabaki na wateja wa msimu wanaoomba chipsi na baga. Hakuna mfadhili atakayekuja kukarabati ladha iliyosahauliwa.

Kulinda urithi huu kuko ndani ya uwezo wa kila anayevuka bahari kutoka Dar es Salaam au Tanga kwa mapumziko ya wikiendi. Acha angalau milo miwili iwe nje ya hoteli. Fika mapema, kwa sababu kizuri hukwisha. Lipa bei inayolipwa na wenyeji wala usiombe kupunguziwa na mama mwenye sufuria moja. Ukija Ramadhani, heshimu mchana wa watu na ungoje futari. Na ukipenda ulichokula, rudi kesho mahali pale pale umwambie aliyekipika. Mpishi anayejua kuwa kesho utarudi atawasha moto tena.